Kabla Kikundi Hakijanunua Makochi Yaliyotumika

Vikundi vingi tunavyovitembelea vilianza mzunguko wao kwa vikombe na sufuria, vikaendelea na blanketi, kisha mabati. Sasa vingi vimefika kwenye makochi. Pengine kila mwezi mwanachama mmoja anapata seti yake, au kikundi kinanunua seti iliyotumika, kinaitengeneza upya na kuiuza, faida ikaingia kwenye mfuko. Mradi huu ni mzuri. Lakini tumeona pia daftari za hesabu ambapo michango ya miezi minne iliishia kwenye kochi moja ambalo halikumaliza mwaka, na mama aliyepewa akabaki akinung'unika kwamba hasara ya kikundi kizima imewekwa sebuleni kwake. Kwa hivyo tumeonelea tulieleze jambo hili pole pole, tangu kulichagua kochi hadi kukata kitambaa.

Kwanza fahamuni hivi: bei anayowatajia mwenye kochi ni sehemu ndogo tu ya gharama. Chukueni mfano wa seti ya watu watano, yaani kochi la watatu na viti viwili vya mtu mmoja mmoja. Nambari hizi ni za kuonyesha tu. Nyinyi mtaweka za soko lenu. Seti yenyewe shilingi 9,000. Gari la kuileta 2,000. Sponji mpya ya mito kumi 8,000. Kitambaa mita 9 kwa shilingi 600 kila mita, 5,400. Uzi, zipu, gundi, misumari na kanda za mpira 1,600. Fundi 5,000. Jumlisheni. Kochi la elfu tisa limekuwa la elfu thelathini na moja, na bado hakuna aliyewaibia. Kikundi kisichofanya hesabu hii mapema ndicho hukwama katikati, fremu iko uchi chini ya mwembe na mfuko umekauka.

Kwa hivyo mweka hazina aandike orodha hii yote kabla ya mtu yeyote kutoa hata arubuni. Halafu nendeni mkaulize fundi wa karibu seti mpya ya mbao kama hizo ni pesa ngapi. Kwa maoni yetu, ikiwa jumla yenu inapita theluthi mbili ya bei ya seti mpya, achaneni na hiyo kuukuu, kwa sababu kazi ya kuukuu huwa haikosi jambo la ghafla.

Mnanunua fremu

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walikuwa wakituonya tusidanganywe na sura. Kwa wenye mradi wa makochi, hicho kipande cha mti ndicho tunachokitafuta! Kitambaa cha juu mtakitoa mkakitupe, na sponji pia pengine. Basi msilipie kitambaa kizuri. Kochi lenye nguo iliyoraruka, rangi ya kuchukiza, lakini mbao zake ni imara, hilo ndilo lenu, na bei yake huwa ya chini kwa sababu wengine wamelikimbia. Ogopeni zaidi lile lililovalishwa nguo mpya jana ili liuzwe leo.

Na hapa kwetu kuna jambo lingine. Makochi yetu huvaa vitambaa vya kushona kwa mkono, vyeupe, vya maua. Ni mapambo mazuri na ni kazi ya akina mama wenyewe, hatuvilaumu. Lakini siku ya kununua, viinueni vyote, mbele na nyuma na mikononi. Mara nyingi ndipo mtaona ni kwa nini kochi linauzwa.

Kisha pindueni kochi, miguu iangalie juu. Muuzaji akikataa kochi lake lipinduliwe, semeni asante na mwende zenu. Chini utakuta kitambaa chepesi au gunia limepigiliwa. Omba kufungua upande mmoja uone ndani. Angalia pembe za fremu. Fundi wa kweli huingiza ulimi wa mbao katika tundu la mbao nyingine, au hutumia vigingi na gundi, na pembeni huweka kipande cha mbao cha kushikilia kona. Mahali ambapo kuna misumari peke yake, na hasa misumari mingi mipya iliyopigwa ovyo, ujue kiungo kilishawahi kuachana.

Lipo jaribio moja ambalo halihitaji fundi. Kochi likiwa limesimama, shika mguu mmoja wa mbele uinue kama kiganja kimoja kutoka chini. Mguu ule mwingine wa mbele nao unapaswa kuinuka upesi. Ukibaki umekaa sakafuni huku wa kwako uko juu, fremu inajipinda. Imelegea au imevunjika mahali. Halafu sukuma mikono ya kochi nje na ndani, na usukume mgongo. Mlio wa mbao kusuguana unatengenezeka kwa gundi na vigingi. Mbao iliyopasuka kwa urefu ni mambo mengine, huyo mwachieni mwenyewe.

Kuhusu aina ya mbao tusiseme mengi. Mvule na mahogani zikipatikana ni bahati. Saiprasi ndiyo ya kawaida na inatosha kabisa ikiwa nene. Grivelia, ambayo wengine huiita mukima, ni nzuri ikiwa ilikauka vizuri. Mkaratusi hupinda na kupasuka unapokauka, lakini hapa kochi lililotumika lina faida yake: mbao za kupinda zimekwisha pinda, nawe unaziona kwa macho. Msichukue fremu ya chipubodi, ile ya mbao iliyosagwa na kugandishwa. Ikipata maji mara moja huvimba, na msumari haushiki tena. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mwezi wa Februari 2018, mbao ziliadimika na bei ikapanda, na tangu wakati huo fremu nzuri ya zamani imekuwa mali. Usiione imechakaa ukadhani ni kuni.

Wadudu

Hapa tunaomba msiwe na haraka. Wapo wadudu wa aina tatu na kila mmoja ana dawa yake.

Mchwa huacha udongo ndani ya miguu na chini ya fremu. Gonga mbao kwa funguo ukisikiliza; ikilia kama debe tupu, imeliwa. Choma kwa msumari, na ukizama bila nguvu, basi.

Bungua ni wale wanaotoboa vitundu vidogo vya duara kama vya pini. Vitundu peke yake si hukumu, kwa maana yawezekana wadudu walitoka zamani. Tazama unga. Unga mweupe kama wa mahindi unaomwagika ukigonga ni ishara kwamba bado wako kazini. Mkiwa na shaka, ombeni fremu ifagiliwe, itandikwe karatasi nyeusi chini, mrudi baada ya siku tatu nne mwone kama umeanguka unga mwingine.

Kunguni ndiye anayeleta aibu na magomvi, kwa sababu kikundi kinaweza kumsambaza nyumba hata nyumba kwa mzunguko wake chenyewe. Chunguza kwenye mishono, chini ya mikanda, na penye viungo vya mbao: madoa meusi madogo kama ya kalamu, magamba matupu ya wadudu, mayai meupe. Kunguni mkubwa anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula, kwa hivyo usimwamini anayesema kochi limekaa stoo tangu mwaka jana na kwamba hakuna kitu. Shauri letu ni kwamba kochi lolote lililotumika lisiingie ndani ya nyumba siku ya kwanza. Livuliwe nguo nje. Fremu imwagiwe maji yanayochemka katika kila ufa na kila kiungo, kisha ikauke kivulini siku kadhaa kabla ya kutiwa gundi upya, maana maji moto hulegeza gundi ya zamani. Sponji yenye kunguni msiitumie tena. Wala msiichome karibu na nyumba. Moshi wake ni sumu. Ifungwe vizuri kwenye mfuko ikazikwe.

Mahali pa kununua

Seti nzuri mara nyingi hutoka kwa mtu anayehamishwa kazi, au familia inayohama mjini, na huuzwa kwa haraka mwisho wa mwezi. Mahoteli na maofisi nayo huuza viti vyao vinapobadilishwa. Nairobi watu wengi huanzia Gikomba, lakini mkumbuke gari la kurudi nyumbani limo katika hesabu yenu.

Neno moja kuhusu viti vya shule za umma na ofisi za serikali. Mtu akiwaambia kwamba anaweza kuwatolea viti vya shule kwa mlango wa nyuma, kataeni. Sheria ya ununuzi wa umma na uuzaji wa mali ya mwaka 2015 inataka mali iliyochakaa ipitie kamati maalum ya kuuza mali, na uuzaji ufanywe kwa njia iliyo wazi. Subirini mnada utangazwe, mwende siku ya kukagua, mpewe risiti. Kitu cha mnada huuzwa jinsi kilivyo, hakirudishwi, kwa hivyo ile kazi ya kupindua na kugonga ifanyike kabla ya kutaja bei.

Sponji ipimwe kwa mizani

Ngumi yako ndiyo kipimo cha kwanza. Bonyeza sponji mpaka chini, uachilie. Nzuri hurudi mara moja. Iliyochoka hubaki na shimo. Ile inayotoa unga mkononi imekwisha, usishonewe tena kitambaa kipya juu yake.

Mkinunua mpya, duka litawaambia kila sponji ni hevi duti. Msibishane, ombeni mizani. Uzito wa sponji huhesabiwa kwa kilo katika kila mita moja ya ujazo, na kwa kiti cha kukaliwa kila siku tafuteni ya kilo 28 au 30. Mto wa sentimita 55 kwa 55, unene wa sentimita 10, ukikatwa kutoka sponji ya kilo 30 una uzito wa gramu 900 hivi. Ukikatwa kutoka ile ya kilo 20 una gramu 600. Mizani ya sukari inatosha kuonyesha tofauti hiyo. Mto wa gramu 600 unaweza kuwekwa mgongoni, mahali ambapo mtu anaegemea tu, na hapo kikundi kinaokoa pesa bila kumdanganya mtu.

Chini ya sponji kuna kanda au springi. Springi zilizolala kama nyoka hudumu, ila angalieni kama zimeng'oka mahali zinaposhikwa na mbao. Kanda za mpira zilizonyooka na kulegea zibadilishwe zote, si mbili tatu. Mafundi wengi wa vijijini hukata tyubu za gari, wakazisuka kwa kupishanisha juu na chini kama mkeka, zikiwa zimevutwa sana. Ni kazi nzuri na ni rahisi.

Kitambaa: mpango kabla ya rangi

Kikundi kikifika dukani, mabishano huwa ni ya rangi. Rangi iwe jambo la mwisho. Kwanza ulizeni upana wa kitambaa, kisha nguvu yake, kisha jinsi kinavyofuliwa.

Nguvu mnaipima kwa kukiinua kwenye mwanga. Ukiona macho ya mtu upande wa pili, hicho ni cha pazia. Vuta kwa mshazari kwa mikono miwili. Nyuzi zikiachana na zisirudi, mishono itafumuka. Sugua kwa leso nyeupe yenye maji uone kama rangi inahama. Ukitaka kujua kama ni pamba, choma nyuzi mbili: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Pamba ni baridi na nzuri, ila hurudi ikifuliwa, kwa hivyo ifueni kabla ya kukata. Poliesta nzito haipauki upesi na hukauka haraka. Ngozi bandia hupanguswa maziwa ya mtoto kwa kitambaa tu, lakini ile ya bei rahisi hubanduka kama maganda baada ya muda, na haishoneki tena. Kitenge ni chepesi mno kwa kukaliwa. Kiwekeni kwenye mito midogo ya mapambo.

Penye udongo mwekundu, rangi ya krimu itawatesa. Na nyumba ambayo kuku huingia bila kubisha hodi (tunazijua) isipewe mahameli.

Sasa hesabu. Tunashauri vikundi vinavyoanza vichague seti zenye mikono ya mbao na mito ya kutoka, kwa sababu ni mito peke yake inayovalishwa. Kochi lililovikwa nguo mwili mzima lina vipande vingi, kila kimoja huongezwa sentimita 10 hadi 15 za kuvuta na kupigilia, na makosa ni ghali. Liachwe mpaka mikono izoee.

Seti yetu ya watu watano ina mito mitano ya kukalia, 55 kwa 55, na mitano ya mgongoni, 55 kwa 50. Yote ina unene wa sentimita 10. Kila kipande kiongezwe sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono. Kwa hivyo uso wa mto wa kukalia unakatwa 58 kwa 58, na kila mto una nyuso mbili. Kitambaa cha upana wa sentimita 140 kinabeba nyuso mbili kando kwa kando, maana 58 mara mbili ni 116. Mto mmoja basi unakula urefu wa sentimita 58. Kuzunguka ubavuni kunahitaji ukanda wa upana wa sentimita 13. Kanda mbili zilizokatwa kukingama kitambaa zinatosha mto mmoja, yaani sentimita 26 nyingine. Jumla ni 84 kwa mto wa kukalia. Wa mgongoni ni 53 na 26, jumla 79. Mara tano tano: mita 4.20 na mita 3.95, zote mita 8.15. Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kasoro, mnunue mita 9. Kile kipande kinachobaki pembeni mwa nyuso kinatosha kuwekea zipu.

Tazameni sasa upana unavyoweza kuwageuka. Mkipata kitambaa cha sentimita 115 kwa bei nafuu, nyuso mbili za sentimita 58 haziingii, zimepita kwa sentimita moja tu! Ikiwa vipande vyote lazima vielekee upande mmoja, mtalazimika kukata uso mmoja mmoja: kumi za 58 na kumi za 53, mita 11.10. Kanda za ubavuni zitatoka kwenye mabaki, ni kweli, lakini bado mmenunua karibu mita tatu zaidi. Kitambaa cha bei rahisi kimekuwa ghali, na duka halina kosa.

Maua makubwa nayo yana kodi yake. Pima kutoka ua moja hadi ua kama hilo linapojirudia. Ikiwa ni sentimita 64, na mnataka ua likae katikati ya kila mto, basi kila safu ya nyuso italiwa sentimita 64 badala ya 58 au 53. Safu kumi ni mita 6.40, kanda mita 2.60, jumla mita 9. Pamoja na ile sehemu ya kumi, nunueni mita 10. Kitambaa cha mistari au chenye manyoya kama mahameli lazima vipande vyote vielekee upande mmoja, la sivyo mito itaonekana kama ya rangi mbili jua likiingia dirishani.

Fundi anaweza kuwaambia, "Hakuna shida mama, mita saba zitatosha." Mwambieni achore. Chukueni karatasi ya mraba ya daftari la hesabu, kila mraba uwe sentimita 10, mchore upana wa kitambaa na kupanga vipande vyote juu yake. Kama zinaingia kwenye karatasi, ni sawa, fundi ni mtaalamu. Kama haziingii kwenye karatasi, hazitaingia kwenye meza.

Kitambaa chote kinunuliwe siku moja kutoka jora moja. Tuliona kikundi kilichopungukiwa mita mbili. Waliporudi baada ya mwezi, jina la rangi lilikuwa lile lile lakini jora jipya lilikuwa jekundu zaidi, na mito miwili ya seti ile inajitangaza hadi leo. Dukani, kitambaa kikunjuliwe na kupimwa mbele yenu, mkitazama kasoro, kwa sababu kikishakatwa hakirudishwi.

Siku ya kazi

Nguo ya zamani msiirarue. Ifumueni, mkiandika kwa chaki kwenye kila kipande: kushoto, kulia, mbele, juu. Pigeni picha kwa simu kabla ya kutoa chochote. Vipande hivyo ndivyo vielelezo vyenu vya kukatia, ila vipimwe tena, kwa sababu nguo iliyokaliwa miaka mingi huwa imenyooka. Cherehani ya kawaida ya nyumbani inaweza kazi hii ikiwekwa sindano namba 16 au 18 na uzi mzito wa poliesta. Uzi wa pamba wa kushonea magauni utakatika.

Anayekata awe mmoja na anayepima awe mwingine. Kila kipande kipimwe mara mbili kabla ya mkasi. Mabaki yakusanywe, na angalau nusu mita ifungwe pamoja na risiti ikabidhiwe mwenye seti, ya kuwekea kiraka. Seti ikifika nyumbani, mito ibadilishwe nafasi kila mwezi, ule wa karibu na mlango uhamie ukutani, kwa maana mzee wa nyumba ana kiti chake na hahami.